Kopo la Wifi Zulekha

Bongwe,
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Wifi yangu Zulekha,

Assalamu alaikum. Salamu hizi nakuletea zikiwa moto kama mahamri ya alfajiri, uzipokee kabla hazijapoa. Sisi wazima. Kaka yako Alamin kikohozi kimemwacha, sasa kazi yake ni kusinzia kitini baada ya Isha, mdomo wazi. Mama mpe shikamoo yangu, umwambie mafuta yake ya nazi nimempa Charo kwenye gari lake la barafu, pamoja na barua hii. Najua utasema, “Twaiba na karatasi zake!” Lakini simu ya nyumba hii haina siri, kaka yako akiongea huweka sauti kubwa hata jirani akaitikia. Na mimi na wewe tumeandikiana tangu tuko darasa la saba, kabla sijaolewa kwenu.

Sasa nikupe la moyoni. Kaka yako ameuza shamba la Kinondo, na kusudi lake ni hija. Mwakani inshallah tunakwenda, yeye na mimi. Wifi, aliponiambia nilikaa chini kwenye gunia la unga nikalia.

Lakini kiongozi wa msafara anataka kila mtu alete karatasi ya daktari baada ya Idi ndogo, kwamba anaweza kutembea. Nikaenda hospitali, Msambweni. Nikapanda kwenye mizani: kilo tisini na nane. Presha iko juu. Magoti, nilipoambiwa niinuke kitini bila kushika kitu, yalilia kama mlango wa banda. Kuna nesi mmoja wa makamo kama sisi, Hesbon, mtu wa bara. Akaniambia, “Mathe, hatutaki haraka. Nusu kilo kwa wiki. Hizi kilo umezikusanya miaka ishirini, unataka ziishe Ijumaa?” Akanichorea sahani kwenye karatasi: nusu mboga, robo samaki, robo wali au ugali. Tui jepesi. Chai bila sukari. Kutembea dakika kumi kwanza, kisha kuongeza. Na dawa ya presha kila siku, nisichanganye na kitu chochote bila kumwuliza.

Wifi, sitaki kusukumwa Makka kwa kiti cha magurudumu. Najua dini inaruhusu, na anayesukumwa hija yake ni hija. Lakini mimi natamani Mola wangu anione nakwenda kwa miguu aliyonipa. Nimepima hapa Bongwe: kutoka kisimani hadi kwenye mashine ya kusaga. Nitakwenda mara saba, kama Safa na Marwa. Leo nimekwenda mara mbili nikakaa chini.

Usimwambie mtu. Wewe tu.

Wifi yako akupendaye,
Twaiba


Wasini,
2 Novemba 2025

Wifi yangu mnene,

Wa alaikum salamu. Barua yako imefika imelowa, Charo aliiweka juu ya barafu na samaki, kwa hiyo ilinuka kama wewe ulivyonuka siku ya uchungu wa mtoto wa kwanza. Mama mzima, mafuta ameyapokea, anasema umempunja chupa. Mimi mzima. Huku Wasini hatuna gari wala baiskeli, maji tunabeba kichwani, ndiyo maana kisiwa kizima hakuna mnene isipokuwa matenga ya samaki.

Nimecheka, Twaiba, mpaka Mama akaniuliza nina nini. Kilo tisini na nane! Hiyo si wifi, hiyo ni shehena. Siku ya arusi yako tulikubeba mimi na shangazi peke yetu, tukakupitisha mlangoni kama mkeka. Leo utapita kwa ubavu. Na Makka kuna watu wengi, mwenzangu, ukisimama utawazibia jua. Wanawake wa nchi za mbali watakuzunguka wewe wakidhani wamefika.

Huo utani. Mawifi wasipotaniana nyumba huingia mchwa.

Ila la shamba sikutanii. Kumbe limeuzwa. Nimelipata kwenye barua yako, kati ya mafuta ya nazi na magoti. Kaka yangu hakuwa na mdomo? Upande wa kisima wa shamba lile baba alinipa mimi, siku tatu kabla hajafa. Tulikuwa wanne chumbani: baba, Alamin, mimi, na wewe umeshika kikombe cha uji wake. Naona minazi yangu sasa inakwenda hija bila mimi.

Haya, tembea. Kunywa chai chungu. Tutaona kama nyama hutoka kwa kuombwa pole pole.

Zulekha


Bongwe,
14 Desemba 2025

Wifi yangu Zulekha,

Salamu kwako na kwa Mama, za mchana wa jua kali, mimi nimekaa ubarazani na upepeo wa ukili. Charo amekaa wiki tatu bila kupita, gari lilikufa. Kaka yako mzima. Chupa ya pili ya mafuta ya Mama hii hapa.

Maneno yako yalinichoma kidogo, nikasema ni utani, nikayameza. Sasa nikupe habari njema: kilo tisini na mbili na nusu! Hesbon alinipigia makofi mbele za watu, nikaona haya. Unajua nilikuwa nikinenepea wapi? Karaini, kwenye maandazi yangu ya kuuza. Kila karai nikionja andazi la kwanza, nione kama limeumuka. Makarai kumi, maandazi kumi, na jua halijatoka, na mimi naapa kwa watu kwamba sijala kitu! Sasa nalipasua tu, nalitazama ndani, nalirudisha sinia ya kwetu. Usiku sili wali. Mchicha nimeula mpaka naona haya kwa mbuzi.

Na ile safari yangu nakwenda mara saba sasa, kila siku baada ya Alfajiri, nikikaa mara moja tu katikati. Wanawake wa mashine ya kusaga walinifanya mchezo. “Twaiba, umepoteza nini kisimani mbona unarudi-rudi?” Nikawajibu, “Kiuno changu. Mkikiona nileteeni.” Wakacheka, na wawili sasa hutembea na mimi. Nyumbani nainuka kitini mara kumi bila kushika kitu, kisha mara kumi tena. Goti la kulia limenyamaza.

Ila nina hofu, wifi. Hesbon anataka presha ishuke zaidi kabla daktari hajatia sahihi, na kilo anazitaka zifike themanini na sita au karibu. Idi iko Machi. Nahesabu wiki kwa vidole kama mwenye mimba. Nisipofika je? Sijamwambia kaka yako hofu hii, nakwambia wewe.

Mambo ya shamba muulize yeye. Mimi niliitwa tu kutia sahihi, kwa kuwa ni mke.

Akupendaye,
Twaiba


Wasini,
20 Januari 2026

Wifi Twaiba,

Salamu tele, na Mama anakuombea. Amefurahia chupa ya pili. Upepo umekaza, mashua mbili tatu tu zinavuka kwa siku, ndiyo sababu ya kuchelewa.

Nimesoma barua yako mara mbili. Nimeona huruma. Kilo tano unusu kwa miezi miwili na zaidi! Kobe angekwisha kufika Makka, akahiji, akarudi na tende. Huyo mtu wako wa bara anakuchezea. Nusu kilo kwa wiki! Hesabu vizuri, mama wa maandazi: Idi itakukuta bado ni tungi, daktari atatikisa kichwa, na kaka yangu atapanda ndege na kiti kitupu ubavuni.

Kwa hiyo nimekufanyia jambo. Kwenye kifurushi hiki kuna kopo la kijani. Ni unga wa majani, unakorogwa kwa maji moto, vijiko viwili kila magharibi. Wako wanawake huku wameutumia wakaisha kama sabuni. Usimwulize nesi wako, hao hawapendi dawa wasiyoiuza wao. Utaendesha kidogo, ndiyo uchafu unatoka. Ramadhani ndiyo mwezi wake, tumbo liko tupu, unafika mahali pake.

Usinishukuru. Mawifi ni kitu kimoja.

Zulekha

Ya shamba nimemwuliza kaka yangu. Amesema, “Twaiba alikuwapo, hakusema neno.”


Bongwe,
16 Februari 2026

Wifi yangu,

Ramadhani karim kabla ya mwandamo, kwako na kwa Mama.

Kopo limefika. Nimelitia kabatini wiki nzima, nikilitoa na kulirudisha. Maandishi yake siyajui. Nipo kilo themanini na tisa, na presha ilishuka, lakini juzi imepanda tena kidogo, na daktari amesema tutaona. Neno hilo “tutaona” limenikosesha usingizi.

Nimewaza: Zulekha ni damu ya mume wangu, tumekula sahani moja tangu utoto. Angejua lina ubaya angenipa?

Bismillah, naanza usiku wa mwezi mosi.

Twaiba


Wasini,
28 Machi 2026

Wifi Twaiba,

Idi mubarak, na pole. Tumesikia kwa simu ya kaka. Alisema ulianguka jikoni kumi la pili la Ramadhani, na siku saba ulikuwa kwenye dripu. Ningekuja kukutazama lakini Mama hana wa kumwachia, na mashua, unajua mwenyewe.

Mwili wa mtu una mambo. Mwingine akinywa kitu kinamfaa, mwingine hakimfai. Labda hukupima vijiko.

Kaka amekwambia, naamini. Daktari hakutia sahihi, na nafasi ile iliyolipiwa haiwezi kubaki bure. Akasema basi niende mimi, dada mtu si haramu kusafiri na kaka yake. Sikuomba. Aliniuliza, nikanyamaza, na kunyamaza kwa mwanamke ni kukubali, ndivyo tulivyofundishwa kwenye chuo cha Kurani. Mimi nina kilo hamsini na tisa. Walinipima mara moja tu.

Pumzika. Usikimbilie kutembea.

Zulekha


Bongwe,
12 Aprili 2026

Wifi yangu Zulekha,

Salamu kwako na kwa Mama. Kaka yako hajambo, amenunua shuka mbili za ihramu akazificha juu ya kabati nisizione. Nimezifua, nimezikunja vizuri, nimezirudisha alipozificha.

Ulitaka kujua hali yangu. Ingawa hukuuliza, nakwambia. Ile siku ya kuanguka nilikuwa nimeendesha mara tisa tangu usiku, nimefunga, na kidonge cha presha nimemeza daku. Karai lilikuwa motoni, Mungu akasaidia nikaangukia upande wa unga. Madaktari wakasema figo zilikaribia kusimama. Mizani ikasoma themanini na tatu. Nilifurahi, wifi! Nimelala na dripu mkononi nikafurahi! Hesbon akaninamia, akasema pole pole kama anaongea na mtoto, “Mathe, hayo si mafuta. Umepoteza maji na chumvi. Ungepoteza na roho.” Baada ya wiki mbili kilo nne zilirudi zenyewe, kama paka wa nyumba. Yeye hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Sasa nimeanza upya, dakika kumi. Jana kisimani hadi mashineni mara tatu. Mboga, samaki wa kuchemsha, chai chungu. Themanini na sita na nusu leo, za haki.

Kitanda cha pili wodini alilazwa mama mmoja wa huko kwenu Wasini, jina lake Shutu. Ana maneno mengi mazuri. Tumezungumza siku tano.

Twaiba


Wasini,
30 Aprili 2026

Kwa wifi yangu mpendwa Twaiba,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Mama anakusalimu, na mimi nakusalimu kwa heshima zote.

Kama ujuavyo, mwenye kwenda hija hupita kwa jamaa na majirani akaomba radhi, asiende na deni la mtu shingoni. Nimepita nyumba zote za Wasini, wamenipa. Nimevuka Shimoni, wamenipa. Bongwe nitafika siku ya safari yenyewe tu, kutakuwa na watu wengi, ndiyo nakuandikia. Wifi yangu, niliyokukosea kwa kujua na kwa kutojua, kwa ulimi na kwa mkono, naomba unisamehe, duniani na akhera. Na mimi nimekusamehe yote.

Kuhusu huyo Shutu, ni mwanamke wa fitina, kisiwa kizima kinamjua.

Nijibu kwa neno moja tu: nimekusamehe. Mtume Charo aje nalo mbio.

Wifi yako,
Zulekha


Barua hii nimeitia mkobani mwako, chini ya soksi za tawafu
Bongwe, 10 Mei 2026

Zulekha,

Salamu. Umefika Makka salama, ndiyo maana unaisoma. Leo ubarazani ulinikumbatia mbele za watu ukasema “Radhi, wifi yangu, radhi,” na watu wakalia, nami nikakupiga-piga mgongoni. Ulidhani nimejibu. Kumbuka vizuri. Sikufungua mdomo.

Shutu aliliona kopo. Kaka yako alilileta wodini daktari alitazame, na Shutu akalijua kwa rangi. Akasema, “Hili si ndilo lililomlaza Jumwa wetu mwezi wa Novemba, siku tisa, mkojo ukiwa mwekundu? Na si Zulekha aliyempeleka hospitali kwa mashua, akamshika kichwa njia nzima? Akamnyang’anya na kopo, akasema atalitupa baharini.” Novemba, wifi. Kwangu ulilituma Januari, na kifuniko chake kilikwisha kufunguliwa.

Shutu ni mwanamke wa fitina? Basi sema wewe. Sitaki maneno mengi, wala kwa kujua na kutojua. Hiyo ni radhi ya jumla, kama kununua dagaa bila kutazama. Nataka neno moja: ulijua au hukujua? Uliandike. Usipige simu, kaka yako utakuwa naye chumba cha pili, na yeye hajui kitu, sijamwambia. Ukitaka ajue mwambie mwenyewe. Nataka karatasi yenye mkono wako. Ikinifikia, nitakupa jibu.

Sikuapizi. Dua ya aliyedhulumiwa haina pazia, nalijua hilo, kwa hiyo nakaa mbali nayo kama mtu akaavyo mbali na karai. Nanyamaza tu. Ukienda Safa na Marwa, hesabu. Mimi wakati huo nitakuwa kisimani, nami nitahesabu.

Soksi ni mpya. Zivae, mawe ya huko yana joto.

Twaiba


Makka,
22 Mei 2026

Twaiba,

Sikuletei salamu. Umenikatalia simu ukataka karatasi, na ulipoandika ulijua karatasi kutoka Makka haifiki Bongwe kabla ya Arafa. Hapa hapana Charo. Kwa hiyo nitasimama Arafa na neno lako kifuani kama mwiba wa samaki changu. Ulipima, kama unavyopima unga. Nimekukubali.

Nimetembea mara saba. Nina kilo hamsini na tisa na miguu ya Wasini, na mzunguko wa nne nilikaa chini, mtu akaniuliza kama nataka kiti cha magurudumu. Nikainuka.

Nilijua.

Nilimshika Jumwa kichwa, nikaona mkojo wake, na kopo nikalificha kwenye kanga. Sikutaka ufe. Nilitaka ukae.

Basi, neno lako nimekupa. Sasa na mimi nakuuliza, na majibu yako sitaki kwa simu. Chumba cha baba, umeshika kikombe cha uji. Akasema upande wa kisima wa Zulekha. Siku ya sahihi, kalamu ikiwa mkononi mwako, ulikumbuka au hukukumbuka?

Zulekha


Bongwe,
14 Juni 2026

Zulekha,

Karatasi yako uliyorudi nayo kutoka Makka amenipa Charo leo, pamoja na tende na maji ya Zamzam. Kaka yako ananihadithia Makka kila magharibi. Namsikiliza.

Nilijua.

Nilikumbuka hata kikombe, kilikuwa cha buluu na mpini umevunjika. Nikatia sahihi, nikamshukuru Mungu kwa kunipa hija.

Njoo Jumamosi. Vaa viatu vya kutembea. Kisimani hadi mashineni, mara saba, wewe upande wako na mimi upande wangu. Nipo themanini na nne, sikai tena katikati. Radhi tutaombana ya saba ikiisha, kama kuna atakayeweza kuanza.

Twaiba